Uzi wa Sita

Tulianzia Kihesa, stoo ya mahindi,
mimi na ligombo la babu,
Atuganile na gitaa lisilo na uzi wa sita.
Tuliimba tukiliruka pengo kama mtaro.

Albamu ya kwanza walinunua watu arobaini,
thelathini wao ni kwaya ya Ilula
walioitikia bila malipo,
ila chai, viazi, na nauli ya mzee wa besi.

Ya pili, fundi mitambo kutoka mjini
akaifuta mvua iliyogonga bati.
Tukamwomba airudishe. Akacheka, akakataa.

Sasa Atuganile yuko Tukuyu, analea.
Usiku hunitumia sauti kwa simu:
ubeti, mvua ya kwao, kilio.
Nakaza nyuzi.
Sifuti kitu.
Mtoto kaingia mapema kidogo,
lakini kaingia.