Jicho la Pipa

Baba yangu, Jabez Tapsell, alikuwa mshindiliaji.
Kila Septemba kule Kenti, maua ya hopsi yakishakauka,
gunia refu kupita mtu lilining'inizwa
kwenye tundu la sakafu ya ghala,
naye akatumbukia ndani mzimamzima,
akakanyaga, akazunguka, akakanyaga,
wenzake wakimmwagia maua kichwani kwa beleshi.
Alianza akiwa amezama. Kila alipokanyaga alipanda:
kwanza kofia, kisha mabega, mwisho viatu.
Gunia likijaa ndi, yeye yuko nje.
Usiku mto wake ulinuka uchungu wa bia isiyopikwa bado.

Na maneno aliyashindilia vilevile.
Hakusema "jaza" kama watu wa redioni.
Alisema stivu, neno la makuli wa gatini:
kusukumiza robota za sufu kwa boriti mpaka meli igune.
Alisema stoji: tumbo baada ya pudini ya pili,
au kiatu kilichokunywa tope.
Na fodha, Mungu wangu, fodha!
Shehena ya mkokoteni mzima,
tena ni kuziba tundu la meli
kwa tanga lililosokotewa nyuzi kuukuu.
Neno moja, mzigo na kiraka.

Niliyaandika yote katika insha.
Bi Ottoline Crake akayakata kwa wino mwekundu:
Hayamo katika kamusi ya shule.
Baba akasoma, akapangusa miwani.
"Basi kamusi yao haijakanyagwa vya kutosha."

Leo nafungasha vitu vyake
katika katoni nne zilizokuja na ndizi.
Miwani ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu,
kiatu ndani ya sufuria, alivyonifunza mwenyewe:
usisafirishe hewa, hewa hailipi nauli.
Tatu zimejaa pomoni.
Ya nne imefika nusu na vitu vimekwisha.
Nimekunja gazeti, nikatia. Nimeongeza taulo.
Nimetoa taulo.

Wakati wa baridi alifanya kazi kwenye stoo ya kiwanda cha bia,
na huko kulikuwa na neno jingine, aleji:
ile sehemu ya pipa ambayo bia haifiki.
Msimamizi mmoja alimwambia
kwamba zamani, kwa Wafaransa,
lilikuwa neno la kujaza, kujaza hadi jichoni mwa pipa.
Likapita vinywa vingi, likavuja njiani,
likatufikia likiwa jina la pengo.

Nilikuwa na miaka saba. Nikauliza pengo linaonekanaje
na pipa limefungwa.
Akanibandika sikio kwenye ubao wa baridi,
akagonga kwa kifundo cha kidole, kutoka chini.
Du. Du. Juu kidogo, du.
Halafu sauti ikafunguka kama mlango.

Nagonga katoni ya nne.
Du.
Du.
Nimeipiga utepe kabla sijafika juu.