Katibu wa Moto

Daftari hili lilikuwa la kisomo cha watu wazima.
Sasa juu ya ukurasa nimeandika: Moto.
Tarehe. Umande. Upepo. Waliofika.
Wasiofika siwataji, wanajijua,
na mmoja wao ni shemeji yangu.

Mwaka ule wa mikorosho ya Somoe Lihame
hatukuwa na daftari. Tulikuwa na vidole.
Litumbi walinyoosha huku, sisi Namakolo tukanyoosha kule,
juu ya mchanga mkavu wa Mbwemkuru,
na moto ulikwisha kupita katikati ya vidole
bila kuuliza bikoni iko wapi.
Miti sitini na miwili. Ilikuwa Oktoba, mabibo yako chini,
yakachemka kama uji.
Siku tatu kijiji kilinuka sukari iliyoungua.
Somoe alikalia kinu kilichopinduliwa
akihesabu visiki, akikosea, akianza upya.

Mimi nilimjua aliyewasha.
Nilimjua kwa sababu nyama ya ndezi
tulikula wote.

(Hilo nimeliandika kwa penseli.)

Basi huu ni mwezi wa sita.
Nyasi juu zimekuwa njano, chini bado zina mate.
Dawa ya moto ni moto: tulizoea kuisema kwenye ugomvi,
tusi kwa tusi, jembe kwa jembe.
Leo nimeiona methali ikishika kiberiti
mkononi mwa Esha binti Nandonde, miaka kumi na tisa;
ikainama, ikawasha kidogo,
ikasubiri.

Mtopa mlina asali, ambaye miaka yote tulimtoza faini
kwa mienge aliyoisahau porini,
ndiye tuliyemkabidhi upepo.
Nani anaujua moshi kama yeye?
Anachota jivu, analiachia mbele ya pua.
"Bado."
Tumesimama watu arobaini na matawi ya msegese.
"Bado."
Mwenyekiti anakohoa. Mtopa hajali wenyeviti.
"Haya."

Nandonde kaleta bomba la kupulizia mikorosho,
kaliosha mara tatu, maana salfa haitaniwi na moto.
Leo halipulizi dawa, linafagia majani makavu
kwenye barabara ya moto, linanguruma,
na watoto wanalifuata kama harusi.

Na Masunga, yule ambaye mkutano wa Februari
ulitaka ahame kabla ya jua kuzama,
ng'ombe wake wamekula ukanda wote wa mpakani,
nyasi fupi kama kichwa cha mwanafunzi.
Somoe bado hamsalimii.
Lakini maji kampa, kwa kopo lile lile analonywea yeye.

Moto ukatambaa. Si ule. Huu ulikuwa wa magotini,
ulikula kwa adabu, ukafika ukanda wa ng'ombe,
ukatazama, ukalala.
Ng'ambo, saa ile ile tuliyopatana,
moshi wa Litumbi ukapanda.
Mtu mmoja kule akapunga tawi.
Sikumtambua. Nikapunga.

Saa tano upepo ukageuka.
Ukaingia kwenye mianzi, ikalia kama bunduki,
tukaupiga mpaka adhuhuri;
ndevu za mwenyekiti zimebaki upande mmoja,
mizinga mitatu ya Mtopa imekwenda.
Hakusema kitu. Alifungua kiganja tu,
jivu likaelekea tusikotazama.

Naandika: Juni kumi na nne. Umande mzuri.
Upepo wa kusini, uligeuka saa tano, tuanze mapema zaidi.
Waliofika arobaini na watatu, akiwemo Masunga
(nimemwandika kwa jina, si "mfugaji").
Kilichoungua: tulichokitaka, na mizinga mitatu,
ambayo kijiji kitachonga.

Oktoba haijafika. Sijui.

Jioni shemeji kapita, kasimama mlangoni,
hakuingia, hakuondoka.
Kauliza mwakani ni tarehe ngapi,
na kama mtu anakuja na tawi lake
au anapewa.