Hesabu ya Ngazi

Kaka yangu Zihindula huhesabu ngazi
kutoka kwetu mpaka kwenye bomba la maji:
mia moja na kumi na mbili.
Akikosea anarudi chini, anaanza upya,
bidoni mkononi, mimi nyuma yake,
na Kadutu nzima madirishani.

Zamani alikuwa fundi wa saa.
Alikaa chini ya mwavuli karibu na soko,
jicho moja ndani ya kioo,
akifungua vifuniko taratibu, kama anamenya karanga za mgeni.
Siku moja akasema saa zote zinamsengenya.
Tukacheka. Mungu atusamehe, tulicheka.

Ukaja mwaka wa kubisha milango.
Mama aliuza cherehani. Tulifunga siku tatu
kwenye chumba cha maombi, hata mtoto hakuonja uji,
mchungaji akimfokea pepo ambaye hakugeuka.
Shangazi wa Nguba alisema: limetoka upande wa baba.
Baba wadogo walisema: limetoka upande wa mama.
Ugonjwa ukabaki katikati, humu ndani,
unakula nasi sambaza,
unavuta shuka usiku.

Nami nikajifunza kulala kama ndege juu ya waya.
Visu ndani ya gunia la makala.
Ufunguo kifuani, unanichora ngozi.
Kidonge nusu asubuhi, kizima jioni,
na franka zilipokosekana
nilivigawa kama chumvi wakati wa vita.
Watu waliuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?"
"Anaendelea."
Hakuna aliyeuliza habari za mshika taa.

Alhamisi, ukumbi nyuma ya parokia,
viti kumi na kimoja vya plastiki, kimoja kina mguu wa waya.
Sikuingia kwa imani. Mvua ilinikuta pale.
Mzee Balagizi anamlea mke
ambaye hamwiti tena kwa jina.
Nabintu ana binti anayevunja sahani;
sasa wanakula kwenye majani ya ndizi, alisema,
"kama harusi ya zamani," akacheka hadi akalia,
tukacheka naye, na kicheko kile
hakikuwa kile cha mwavulini.
Kisha Mama M'Cirhuza, mnene, mwenye kikohozi,
akaninyoshea kidole:
"Wewe. Ulilala lini?"

Nilifungua mdomo.
Nikautafuta huo usiku kama sarafu kwenye pindo la kikwembe.
Sikuupata.

Jumamosi akaja na kiti chake mwenyewe
na kilo mbili za maharage ya kuchambua.
"Lete ufunguo."
Mikono ilinikataa. Akanivua yeye,
kama unavyomvua viatu mtoto aliyesinzia.

Niliamka jua limeshatua ziwani.
Nikakurupuka: mlango wazi!
Walikuwa kizingitini, sinia kati yao,
vijiwe huku, maharage kule,
na Zihindula akimweleza, kwa subira yake ya fundi:
"Mia moja na kumi na moja. Ngazi moja imeibwa."
"Ndiyo hali yake," nikasema, nikageuka kutafuta kidonge.
Mama M'Cirhuza hakuinua uso.
"Nenda ukaone kwanza."

Nikashuka nikihesabu, mara yangu ya kwanza.
Chini ya nyumba ya seremala
mvua ya usiku ilikuwa imechukua ngazi nzima,
imeacha kinywa cha udongo mwekundu.
Msichana mwenye bidoni kichwani alikuwa anakuja,
mguu tayari hewani.
Nikamdaka mkono.

Hakupona, kaka yangu. Wiki hii amezisikia saa tena,
dawa imepanda bei,
ufunguo umerudi kifuani.
Lakini Jumamosi sasa ina mwenyewe,
na Jumanne ni zamu yangu kwa Nabintu.
Nitabeba sahani ya bati.