Kifungu cha Saba

Filadelfia, mwaka wa kumi na moja tangu mizinga inyamaze

Nilikodishwa kwa jioni moja, shilingi mbili na makombo,
nipige pasi kitambaa cha meza, kisha nisimame ukutani
nyumbani kwa Bwana Lippincott, mtaa wa Walnut.
Nyumba ilikuwa bado inanuka siki
tuliyomwaga sakafuni wakati wa homa ya manjano.
Vuli tuliwazika. Kipupwe tunawapakulia.

Balozi wa Mfalme hakuja. Alimtuma katibu,
Bwana Fanshawe, kijana mwenye mafua
na viatu vya hariri visivyoijua theluji.

Wakanywa kwa afya ya Mfalme, wakanywa kwa afya ya Rais,
ukaja mchuzi wa kasa, yakaja madeni.
“Dawa ya deni kulipa,” akasema mgeni:
wenye maduka London wangali wanangoja fedha ya tumbaku
iliyovutwa ikawa moshi kabla ya vita.
“Na dawa ya mgeni kuondoka,” akajibu mwenyeji:
ngome za maziwani, mbona bendera yenu ingali juu?
Wakacheka. Kicheko cha mezani ni nta ya mshumaa,
hudondoka moto, huganda upesi,
na wa kuikwangua asubuhi ni mimi.

Kisha Bwana Lippincott akapangusa midomo.
“Kuna Kifungu cha Saba,” akasema.

Nikalishika jagi kwa mikono miwili.

Asiyekijua nimweleze. Mkataba wa amani ulisema
Mfalme ataondoa majeshi yake, asiharibu kitu,
asichukue Weusi wala mali nyingine ya Wamarekani.
*Nyingine.* Neno dogo, msumari ndani ya kiatu.

“Elfu tatu mliwapakia melini pale New York.
Shemeji yangu wa Virginia peke yake anadai sita.”
Akatoa karatasi mfukoni, akaisoma
kwa sauti ya mtu anayehesabu vijiko:
mwanamke, mfumaji; mtoto wake, wa kiume;
seremala, kovu shavuni;
Mingo, miaka kumi na tisa, mwepesi wa mbio,
jino la mbele limevunjika, pauni themanini.

Jino lile nililivunja mimi.
Tuligombea kibuyu cha maji, akaanguka kizingitini,
akamwambia mama ameteleza.
Baadaye nikauzwa huku kaskazini,
nikajinunua kwa beseni na sabuni, miaka tisa.

Sikumwaga mvinyo. Hilo nataka lijulikane.

Bwana Fanshawe akaweka uma chini.
“Mfalme alitoa neno: atakayekuja upande wetu ni huru.
Mtu huru harudishwi kama mwavuli uliosahauliwa.”
Nikakaribia kumpenda, na mafua yake.
Akapiga chafya, akajifuta, akaongeza taratibu:
“Bei, hata hivyo, inaweza kuzungumzwa.”

Barua moja tu nilipata, imeandikwa na mkono wa mtu mwingine,
kutoka Nova Scotia: *Wametupa mawe, dada,
wakayaita shamba. Lakini hakuna anayeniita nisipotaka.*
Naiweka chini ya sanduku la wanga.

Mkataba mpya ulifika mwaka uliofuata, umetiwa saini London.
Ngome zitarudi. Madeni yatapimwa na tume.
Kuhusu wale elfu tatu, hata nukta.
Mitaani wakachoma sanamu ya mjumbe wao,
na Bwana Lippincott akaja hadi jikoni, mwekundu,
kana kwamba sufuria zilikuwa bunge:
“Wamewasahau! Wamewasahau kabisa!”

Nilikuwa napasha pasi. Nikaidondoshea mate, ikachacha.
Ndugu yangu hana bei, nikawaza,
si kwa sababu mtu alisimama akasema hana,
bali walichoka, na kulikuwa na pamba na meli za kujadili.
Nikaipokea hivyo hivyo. Nimewahi kula makombo.

Nikakunja kitambaa, pembe kwa pembe.
“Bwana,” nikasema, “ile jioni ya mchuzi wa kasa,
ulinipa shilingi moja.”