Uzi wa Mlenda

Nilihamia Dodoma pamoja na mafaili ya wizara,
mwezi wa saba, upepo ukisukuma vumbi chini ya mlango.
Sufuria moja. Sahani mbili, ya pili sijui ilitoka wapi.
Jioni nilikula chipsi nimesimama,
nikisoma maandishi ya chupa ya tomato
kama mtu anayesoma barua.

Jumapili nilikwenda kanisani Ihumwa,
benchi la tano kutoka nyuma.
Kwa miezi minne nikavijua visogo vyote:
kisogo chenye kovu, kisogo cha kitambaa cha njano,
kile cha mzee Chidumizi chenye mikunjo mitatu
kama matuta ya shamba lililosubiri mvua likachoka.
Tulipeana amani kwa ncha za vidole, tukatawanyika.
Hata mkate wenyewe niliupokea macho yako madhabahuni;
aliyepiga magoti kuliani kwangu
angeweza kuwa yeyote.

Ndipo Mama Mbeleje akanishika kiwiko getini.
“Alhamisi jumuiya iko kwangu.
Usibebe kitu. Beba njaa.”

Nilibeba soda, kwa aibu.

Ugali wa uwele ulikuwa katikati ya ua, rangi ya majivu, unafuka,
na ubavuni bakuli moja la mlenda, pana kama beseni.
Nyemo, mtoto wa darasa la pili, alitunawisha
akimimina maji kwa uchoyo wa haki,
maana bomba lina wiki ya tatu linakohoa hewa.

Mimi niliyelelewa kwa ndizi za Bukoba
nikachovya tonge, nikavuta.
Mlenda nao ukavutika,
uzi mrefu toka bakulini hadi kidevuni,
haukatiki, unang'aa kwenye taa ya sola.
Wakacheka mpaka mtu akamwaga maziwa.
“Zungusha mkono, dada! Kata kwa kidole!”
Sikuwa nimechekwa hivyo
tangu tumzike mama.

Ng'ambo ya bakuli waliketi Chidumizi na Msanjila,
ambao bikoni moja imewanyima salamu
tangu wapimaji wapite na rangi nyekundu.
Kanisani mmoja hukaa mashariki, mwingine magharibi,
na wote husema Amina kwa sauti.
Lakini bakuli halina mashariki.
Huyu alivuta, yule akavuta,
nyuzi zao zikapishana hewani, zikanasana,
mikono miwili imesimama, matonge yanangoja,
hakuna wa kula mpaka mmoja akate.

Sitawadanganya kwamba walikumbatiana.
Shauri bado liko baraza la kata, litasikilizwa tarehe kumi na nne.
Ila Msanjila alikata, kwa kidole chake.
Na baadaye, mazungumzo yalipogeukia bei ya alizeti,
nilimwona akilisukuma bakuli kwa mgongo wa mkono,
nusu shubiri, si zaidi,
kuelekea kwa mwenye meno machache.

Mwinjilisti alifupisha neno, kwa kuwa taa ilikuwa inafifia:
wale wawili waliotembea na mgeni kutwa nzima
wakizungumza dini, wasimtambue,
hadi walipoketi kula.
Akafunga kitabu. Mtu akauliza kama ukoko umebaki.

Nilirudi nyumbani mkono ukinuka moshi na karanga.
Sikuunawa tena usiku ule.

Alhamisi ijayo ni zamu yangu.
Leo nimeshuka soko la Majengo kununua sinia;
muuzaji akadhani nina harusi.
“La watu wangapi?”
Nikafumba macho nihesabu,
na kwa mara ya kwanza zikaja nyuso,
moja ina mlenda kwenye ndevu.
“Kumi na wanne,” nikasema, “na Nyemo.”

Viti sina. Tutakaa kwenye mkeka na maboksi ya wizara.
Nitapika ndizi, ingawa hapa zinauzwa kama dhahabu.
Wazimenye wenyewe, utomvu uwagande vidoleni.
Na mimi nicheke.