Kisicho na Namba

Ubaoni waliandika kwa chaki: *Fyeka kila
kisicho na namba, misindano ipumue.*
Nikanoa panga. Nikafyeka tangu umande
hadi jua lilipopasua ukungu wa Meru.

Chini ya mtarakwa, mzee kuliko shamba lenyewe,
nikakikuta: majani madogo kama kucha za mtoto,
mabichi mwezi wa tisa, nyasi zimeshakata tamaa;
vitunda vya zambarau, punje za pilipili manga.

Oseketeki.

Ulimi ulikumbuka kabla yangu.
Yeyo Nashipai alivisaga, akakoroga kwenye maziwa,
akanibana pua: "Kunywa. Tumboni mwako
mna wapangaji wasiolipa kodi."
Nililia. Asubuhi wakahama wote,
mmoja mrefu kama kamba ya ndama,
naye akacheka mpaka shanga zikagongana.

Misindano hainijui. Imekuja kwa mistari,
ina siku yake ya kukatwa.
Hiki hakuna aliyekipanda Olmotonyi,
hakuna atakayekiuza; shina lake
halitoshi hata mpini wa kisu.

Nikakizunguka na panga.

Jioni msimamizi Lomayani akaja na daftari,
akatazama kile kisiwa cha kijani,
akanitazama. "Hapa umeruka."
"Panga lilikuwa butu," nikasema.

Akapitisha kidole kwenye makali. Kikachuruzika damu.
Akakifyonza, kimya.
Kisha akainama, akachuma kiganja kimoja,
akafunga kwenye leso,
akaandika: *Eneo limekwisha.*