Kipimo cha Kope

Tulirekodi Gofu, kwenye ghala la zamani la mkonge,
trei za mayai ukutani, feni imezimwa isinaswe na maiki.
Sechonge akaitoa metronomu mezani, akaifungia kabatini.
"Salhina, ngoma usiipigie saa.
Tazama kope zangu. Zikishuka, shuka nazo."

Wimbo wenyewe hauna neno unga.
Hauna sindano, hauna kete.
Ukiupitia juujuu utadhani ni wa mapenzi:
mchumba aliyefungwa kwenye nailoni,
mchumba asiyegusa wali wetu,
anayebisha hodi kabla ya adhana
na salamu yake ni moja, una shilingi ngapi?

Harusini Makorora waliuomba mara mbili.
Bibi harusi alicheza mpaka kiatu kikamvuka.
Mama Sechonge alikuwa uani,
anachambua mchele
uliokwisha kuchambuliwa.

Anayetaka kuujua ashuke chini ya maneno.
Kule kuna besi ya Mgaza, noti moja, moja tu,
kama mtu ajikunaye palepale hadi ngozi iwake.
Ubeti wa pili ngoma inabembea:
kichwa kinainama, kinainama, kinakaribia goti,
hakidondoki.
Wapo walioniambia nimekosea mapigo.
Sikukosea. Nilikuwa natazama kope.

Halafu arosto.
Spika tuliichana kwa wembe, makusudi,
gitaa likatoka limejaa kokoto na makamasi,
miayo, mifupa inayodai deni lake,
na Sechonge nyuma kabisa, mbali na maiki,
anaomba blanketi mwezi wa Januari, Tanga hii.
Hapo hakuwa anaimba.
Tuliacha mashine izunguke.

Kiitikio ni maneno mawili: ya mwisho.
Ya mwisho, hii ya mwisho, haki ya Mungu ya mwisho,
mara kumi na moja, na kila mara
nagonga tasa kama mtu afungaye mlango,
na kila mara besi imekwisha kuingia dirishani.
Fundi alitaka sauti ififie taratibu, iishe kistaarabu.
Sechonge akakataa. Kata, alisema, hapohapo.
Ndiyo maana unaishia
ya mwi

Siku hizi nampeleka Bombo kwa pikipiki, saa moja asubuhi.
Foleni, dirisha, kikombe kidogo cha plastiki.
Muuguzi hamruhusu kuondoka kimya:
akishameza lazima atamke jina lake lote,
ajulikane hakuificha dawa shavuni.
"Sechonge Mhina Kilua."
Kila siku, sauti kavu, bila gitaa.
Nami nje nahesabu kwa kucha kwenye tangi la mafuta.

Jana aliniuliza ile silabi iliyobaki
kama ipo kwenye kanda.
Nikamwambia haipo, hukuiimba.
Akavaa kofia ngumu.
"Basi twende," akasema, "nina njaa."
Njaa ya chapati, nadhani.
Nilitazama kope.